Maswali Yenu ya Gari: Tairi za Bei Nafuu, Kashata Nene Isikudanganye

Mwezi huu maswali ya tairi yamekuja mengi kuliko ya injini na gia ukiyajumlisha, na sababu inajulikana, mvua zinakaribia na watu wameanza kuinama kuangalia chini ya gari. Wengi wenu mna magari ya miaka ya nyuma, Vitz, Corolla, Carina, Noah, na bajeti ni ile ile tunayoijua wote. Nimechagua matano, mengine yanafanana na haya kwa hiyo la kwako utalikuta humu humu.

SWALI: Shikamoo kaka. Nina Vitz ya zamani kidogo, yenye injini ndogo ya karibu cc 1000. Tairi za mbele zimebaki kipara kabisa, za nyuma bado zina kashata (yale meno ya tairi) kiasi. Naishi Kivule kazi yangu ni Posta, yani kila siku niko barabarani. Nina laki tatu na nusu tu. Fundi wangu anasema nikachukue nne za mtumba za Japani maana Mjapani ni Mjapani, rafiki yangu anasema ninunue mpya za Mchina hata kama ni mbili. Nimechanganyikiwa, nifanyeje? *Msomaji, Kivule*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua mpya, na mbili zinatosha kwa sasa. Sio kwamba Mchina kamshinda Mjapani, hapana, Bridgestone au Yokohama mpya ni tairi nzuri sana na mwenye hela zake namwambia afunge hizo. Ila unachouziwa pale sio tairi mpya ya Kijapani, ni tairi ambayo mwenyewe kaitoa kwenye gari yake kwa sababu anazozijua yeye, ikakaa yadi, ikapanda kontena, ikafika hapa ikakaa tena juani nje ya duka ikisubiri mteja, na mpira unazeeka hata kama tairi haitembei. Jua, joto na hewa yenyewe vinaukausha, unakuwa mgumu, unaanza vinyufa vidogo vidogo ubavuni, ni kama raba bendi iliyosahaulika kwenye droo miaka mingi, kwa macho ni nzima ila ukiivuta inakatika.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuangalia ni tarehe, kashata baadae. Pembeni ya tairi kuna mlolongo wa herufi na namba, mara nyingi unaanza na DOT, na mwisho wake kuna namba nne. Ukikuta 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, ukikuta 0824 ni wiki ya 8 ya 2024. Ukikuta namba tatu tu hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, iache hapo hapo ilipo. Na jua kwamba hizo namba za tarehe mara nyingi zinakuwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo kama ishafungwa kwenye ringi na huzioni basi ziko upande wa ndani, washa tochi ya simu uiname uangalie, usikubali kuambiwa "bosi hii ya juzi tu". Michelin na Continental, watu wanaotengeneza tairi wenyewe, wanasema ikifika miaka 10 toka itengenezwe itolewe hata kama inaonekana nzima. Mi kwa joto la Dar na gari inayolala nje naishusha zaidi, tairi ya mtumba iliyopita miaka 5 sinunui na sitamshauri mtu anunue, iwe ya Mjapani au Mjerumani.

Halafu kuna hii ambayo inawakamata wengi. Japani kuna mikoa ina theluji kweli kweli, Hokkaido kule, na watu wa huko wana tairi maalum za msimu wa baridi. Zikiisha kazi yake kwao zinaletwa huku, nyingine zinakuja zikiwa zimefungwa kwenye gari lenyewe. Zina kashata nene zinapendeza, zimekatwa mistari myembamba mingi, na muuzaji atakushikisha kidole akwambie ona hii bado mpya kabisa. Angalia ubavuni, zimeandikwa STUDLESS, au utaona jina kama Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mpira wa tairi hizo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, sa ukiuleta kwenye lami ya Nyerere Road saa nane mchana unalainika kupita kiasi, unalika haraka, gari inayumba kwenye kona, na ukikanyaga breki inachelewa kushika, mvua ikinyesha ndo mbaya zaidi. Bei yake inakuwa chee na kuna sababu.

Na usisahau kuchongwa. Kuna tairi zilizoisha zinachongwa mifereji upya kwa chuma cha moto, zinapakwa dawa nyeusi zinang'aa, unaona kashata. Ili ujue, tafuta maandishi TWI au kipembe tatu kidogo pale juu ya ubavu karibu na kashata, ukifuata usawa huo ndani ya mfereji lazima ukute kituta kidogo cha mpira kilicholala chini. Hicho kituta kiko milimita 1.6 kutoka chini, tairi ikiliwa mpaka ikalingana nacho imekwisha. Kama mfereji una kina kirefu, mzuri, na vituta havipo au vimekatwa katikati, hiyo imechongwa, na aliyechonga kaingia kwenye mpira wa chini unaolinda waya. Ondoka tu hapo.

Sasa hesabu. Tuseme mtumba ni elfu 60 moja na mpya ni laki na 20, namba hizi ni za mfano we weka zile utakazopewa dukani maana bei zinabadilika kila siku. Mtumba ikikupa mwaka mmoja umelipa elfu 60 kwa mwaka, mpya ikikupa miaka mitatu umelipa elfu 40 kwa mwaka, na hapo sijaweka hela ya kufungua na kufunga, kubalansi, pancha, na asubuhi ambazo umechelewa kazini. Mtu mwenye hela kidogo ndo anatakiwa afanye hii hesabu kuliko tajiri, na inaniuma kuona watu wenye kipato kidogo wananunua tairi zile zile kila mwaka.

Kuhusu Mchina, wapo wengi sana, sio mmoja. Linglong, Sailun, Triangle, Westlake ni majina makubwa yanauzwa nchi nyingi duniani. Wahindi wana Apollo, MRF, CEAT, JK Tyre. Ukipata yoyote kati ya hizo yenye tarehe ya mwaka huu au mwaka jana, kwa Vitz ya Kivule mpaka Posta inatosha kabisa. Ninazokwepa ni zile za jina ambalo hata muuzaji analisoma kwa kubahatisha, hazina tarehe inayosomeka, halafu ni rahisi kuliko kila kitu dukani.

Saizi yako isome kwenye stika iliyopo mlango wa dereva, Vitz nyingi za injini ndogo ni 165/70R14, tuseme na ya kwako ni hiyo (maana ya namba hizi iko kwenye jibu la swali linalofuata). Ukiikosa au ukiona bei imepanda, uliza 175/65R14, kimo chake kinapishana na ya kwako milimita 3 na nusu tu kwa hiyo gari haitajua tofauti, na saizi hii inatumika na magari mengi hivyo kuipata ni rahisi. Baada ya saizi kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo, mfano 81S. 81 ni kilo 462 kwa kila tairi, S ni kilomita 180 kwa saa. Namba ya uzito usiishushe, panda juu tu.

Na mwisho kwako, hizo mbili mpya zifungwe NYUMA, zile za nyuma zenye kashata kiasi zihamie mbele, ilimradi hazijafika kwenye vile vituta na tarehe yake iko sawa. Fundi atabisha, atakwambia Vitz inavuta mbele kwa hiyo mpya zikae mbele. Mwambie hivi, kwenye maji tairi za mbele zikianza kuteleza unasikia kwenye usukani, unatoa mguu kwenye mafuta, gari inarudi. Za nyuma zikiteleza gari inageuka yenyewe, mkia unataka kuwa mbele, na dereva wa kawaida hana muda wa kuirudisha. Ndo maana watengenezaji wa tairi wanashauri mpya ziende nyuma bila kujali gari inavuta wapi. Baadae ukipata hela nunua mbili nyingine.

SWALI: Habari za kazi. Mimi natumia Corolla 110, tairi zake ni 175/65R14. Huku Goba ndani ndani barabara ni mbovu, gari inagonga chini kila siku. Jamaa kaniambia niweke 185/70R14 gari itainuka. Je ni sawa? *Msomaji, Goba*

JIBU: Salama kaka. Itainuka kweli, ila kidogo kuliko unavyofikiria na madhara ni makubwa kuliko unavyofikiria. Twende kwenye namba maana hapa namba ndo zinaongea. 175 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 14 ni inchi za ringi. Ukipiga, tairi yako kutoka chini mpaka juu ni kama milimita 583. Hiyo 185/70R14 ni 615 hivi. Tofauti ni zaidi ya asilimia 5, na gari inainuka nusu tu ya tofauti hiyo, yani sentimita moja na nusu na kidogo. Kwa hiyo sentimita moja na nusu utapata tairi inayoweza kugusa matao ya ndani ukikata kona au ukibeba watu, gari inakuwa nzito kuondoka, na spidomita inakudanganya, ikisoma 50 we uko karibu 53, na trafiki wa hamsini hamsini hana habari na saizi ya tairi yako.

Watu wa tairi wanasema usipite asilimia 3 ya kimo cha asili. Ndani ya hapo una 185/65R14, au 175/70R14 ambayo inakuinua milimita 8 au 9 na iko karibu kabisa na mwisho wa kiwango, kwa hiyo kabla hujalipa fundi aifunge moja mbele, zungusha usukani mwisho kulia mwisho kushoto uone kama inagusa. Na kusema ukweli Corolla 110 inayogonga chini kila siku mi ningeangalia kwanza springi na shokapu. Springi za umri huo nyingi zimeshalala, ukiweka nzima unarudishiwa kimo ambacho tairi haiwezi kukupa, na tairi zenyewe zitakaa muda mrefu zaidi.

SWALI: Tairi yangu ya mbele kushoto imeliwa upande wa ndani tu mpaka waya unaonekana, nje bado kashata zipo kabisa. Nimeuziwa feki? *Dada wa Mbezi Beach*

JIBU: Hapana dada yangu, tairi haina kosa hapo. Kuliwa upande mmoja ni alaimenti, yani magurudumu hayajanyooka sawa, na nyuma ya alaimenti mara nyingi kuna bushi au boljointi (viungo vinavyoshika gurudumu kwenye gari) iliyochoka. Ikiliwa pembeni zote mbili ni upepo mdogo, ikiliwa katikati ni upepo umezidi. Hiyo yenye waya usiende nayo popote hata dukani kwa Mangi, fungua leo. Halafu mpangilio ni huu, bushi na boljointi kwanza, tairi pili, alaimenti mwisho. Ukianza na alaimenti kwenye bushi mbovu umetupa hela, wiki mbili inarudi pale pale.

SWALI: Kaka pole na majukumu. Desemba tunakwenda Moshi na Noah yetu ya zamani, watu saba na mizigo. Tairi moja imetoboka vibaya. Baba watoto anasema ile spea haijawahi kuguswa toka tununue gari, ina kashata mpya kabisa, tuifunge hiyo tusinunue nyingine. Namba zake nimeziangalia ni 1813. Pia kuna dereva kanishauri tupunguze upepo kidogo maana safari ndefu tairi inapata moto inajaa inapasuka. Naomba ushauri. *Mama wa watoto watatu, Kimara*

JIBU: Asante dada yangu, na hongera kwa kuangalia namba maana umeshajijibu nusu. 1813 ni wiki ya 18 ya mwaka 2013. Hiyo tairi imezidi miaka 10 ikiwa imekaa kwenye joto la gari bila kazi, na kutokutembea hakujaisaidia kitu. Nimwambie shemeji kwa heshima zote, kashata kwenye spea ya umri huo ni picha tu, kilichochoka ni mpira wa ndani na namna ulivyoshikana na waya, na hicho huwezi kukiona kwa nje. Ukiifunga ukaipakia watu saba na mizigo juu, ukaendesha zaidi ya kilomita 500 kwenye lami ya moto Chalinze, Segera, Korogwe mpaka Same, hapo ndo inapoachia, kashata zinabanduka au tairi inapasuka, na Noah ni gari ndefu kwenda juu, ikiyumba kwa mwendo kuishika ni kazi sana. Nunueni mbili mpya zinazolingana saizi na namba ya uzito na za kwenu, moja nzima kati ya tatu zilizobaki zinazotembea saivi ifanyeni spea, na hizo mpya zifungwe nyuma. Zifungwe pamoja, kulia na kushoto zilingane. Ile ya 2013 isirudi kwenye gari kabisa, hata kama spea ya dharura.

Hili la kupunguza upepo nimelisikia miaka na miaka na linaua watu. Naomba niliseme taratibu. Tairi inapata moto kwa sababu ubavu unajikunja na kujikunjua kila inapozunguka. Upepo ukiwa mdogo ubavu unajikunja zaidi, kwa hiyo moto unakuwa MWINGI zaidi sio mdogo. Upepo kupanda kidogo tairi ikipata joto ni kawaida, waliotengeneza gari walishaweka kwenye hesabu. Ndo maana namba ya kwenye stika ni ya tairi baridi, pimeni asubuhi gari haijatembea, sio mmeshafika Kibaha mnapima kwenye sheli.

Stika za magari ya Japani zimeandikwa kwa kPa, kijana wa upepo atakuuliza unataka ngapi naye geji yake ni ya psi, vipimo viwili tofauti vya upepo ule ule. Kumbuka kPa 100 ni psi 14.5, kwa hiyo 220 ni kama 32, 230 ni kama 33, 240 ni kama 35. Mkijaza watu wote na mizigo fuateni namba ya mzigo kama stika inayo, na kama haina basi msishuke hata kidogo chini ya ile iliyoandikwa. Spea nayo ijazeni, watu wengi wanafika porini wanakuta spea nzima haina upepo. Jaribuni pia kufungua nati kwa spana ya gari lenyewe kabla hamjaondoka, ukiwa nyumbani, maana zikifungwa na mashine ya gereji wakati mwingine mkono wa mtu hauzifungui.

SWALI: Bro mi naendesha tax ya mtandao Tabata, tairi ya tyubulesi (isiyotumia tyubu) imekatika ubavuni kwenye kona ya ukingo wa barabara, kama nusu kidole hivi, fundi anasema aweke kiraka cha mpira ndani afu aweke tyubu nitembee nayo. Tairi ina miezi minne tu inaniuma kuitupa. Itafaa? *Dereva, Tabata*

JIBU: Pole ndugu yangu, najua miezi minne inauma hasa ukiwa unalipa hesabu ya bosi kila siku. Lakini ubavu hauzibwi. Pale kwenye kashata kuna mikanda ya waya chini yake, msumari ukiingia shimo dogo linazibika, na kama fundi ana uwezo aitoe tairi aweke kiraka kutokea ndani kuliko kuchomeka kamba kwa nje tu. Ubavuni hakuna mikanda hiyo, kuna nyuzi nyembamba ambazo ndo zinabeba gari lote zikijikunja kila mzunguko, zikishakatika hakuna gundi inayozirudisha. Tyubu ndani inazuia upepo kutoka, basi, haiongezi nguvu ya ubavu, na inasuguana na ndani ya tairi ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya tyubu, inapata moto, inapasuka kwa mkupuo na upepo wote unaisha hapo hapo na abiria yuko nyuma. Tafuta moja inayolingana na iliyobaki upande wa pili, saizi ile ile na kama unaweza jina lile lile, ikiwa mpya ni sawa maana ya pili ina miezi minne tu hazitapishana sana kashata. Iliyokatika mpe fundi wa viatu, katambuga zinatoka nzuri.